Uvimbe unaotoka kwenye saratani ya damu: sindano au kinyama, kisu au dripu, Dar au Moshi

Basi la kutoka Tanga mjini likishapita Pongwe na Muheza hufika Segera, na pale njia inagawanyika. Kulia ni Korogwe, Mombo, Same mpaka Moshi. Kushoto ni Mkata, Chalinze mpaka Dar es Salaam. Nimeipita njia panda ile tangu utoto bila kuiwazia lolote, mpaka siku niliyokaa pale na mjomba wangu kwenye kibanda cha chai, yeye anamenya chungwa la Muheza, mimi nimepakata kikapu chenye vibloki viwili vya nta na vioo vitano vya maabara. Ndani ya nta ile mlikuwa na nyama ya uvimbe uliotolewa begani kwake. Tiketi zetu zilikuwa za kufika Segera tu, kwa sababu usiku kucha ukoo mzima ulibishana kama apelekwe hospitali ya Dar au ya Moshi, na hatukupatana.

Mimi ni mwalimu wa baiolojia, si daktari. Lakini kwa miezi ile nililazimika kulinganisha mambo ambayo hakuna aliyenipangia pamoja: kipimo hiki na kile, tiba hii na ile, hospitali hii na ile. Nayaandika kwa yeyote mwenye ndugu aliyeandikiwa jina hili kwenye karatasi, au aliyeandikiwa jina jingine na moyo wake haujatulia.

Ugonjwa wenyewe unaitwa sakoma ya mieloidi. Jina lake la zamani ni kloroma. Ndani ya mifupa mna uloto, wengine husema uboho, na humo ndimo damu inamotengenezwa. Seli changa za jamii ya mieloidi zinatakiwa zikae humo hadi zikomae. Katika saratani kali ya damu ya jamii hiyo, seli hizo huzaliana bila kukomaa, na kwa wagonjwa wachache, takriban 2 hadi 9 katika kila 100, hutoka nje ya uloto na kujenga uvimbe: chini ya ngozi, kwenye tezi, kwenye mfupa, nyuma ya jicho, utumboni, hata kando ya uti wa mgongo. Uvimbe unaweza kuja pamoja na saratani ya damu, ukaja baada yake ugonjwa unaporudi, au ukatangulia miezi kadhaa kabla damu haijaonyesha kitu. Huo wa kutangulia ndio uliompata mjomba, na ndio unaowachanganya wengi.

Allan Burns wa Glasgow aliueleza kwa mara ya kwanza mwaka 1811. Neno kloroma alilitoa King mwaka 1853, kutokana na neno la Kigiriki lenye maana ya kijani, kwa kuwa nyama yake ikikatwa mbichi mara nyingine huwa na rangi ya kijani. Rangi hiyo inatokana na kimeng'enya kilichomo ndani ya seli hizo, mieloperoksidesi. Daktari aliyempasua mjomba hakuona kijani chochote, wala hilo si ajabu, maana si kila kloroma ina rangi hiyo na iliyo nayo hufifia ikipigwa na hewa.

Sindano nyembamba na kinyama

Uvimbe wa mjomba ulianza kama punje ya hindi juu ya bega la kushoto. Ulipofikia ukubwa wa limau alikuwa ameshaukanda kwa maji ya moto, ameshapakwa mafuta ya nyonyo na shangazi yangu, na ameshameza antibayotiki za duka la dawa la pale mtaani Ngamiani. Hakuwa na homa. Aliendelea kuziba pancha za baiskeli kama kawaida.

Kipimo cha kwanza kilikuwa sindano nyembamba. Sifa zake hazikataliki: haina mshono, mgonjwa anaondoka na miguu yake, bei yake ni nafuu, na jibu linaweza kutoka siku ileile. Kwa tezi za shingo zinazoshukiwa kifua kikuu inafaa sana. Lakini sindano ile hunyonya seli zilizotawanyika. Haimwonyeshi mpatholojia, yaani daktari anayesoma nyama kwa darubini, jinsi seli zilivyopangana, wala haibakizi kitu cha kutosha kufanyia vipimo vya pili. Jibu la mjomba lilisema: seli changa, huenda limfoma, yaani saratani ya tezi. Neno huenda lilisafiri kutoka kwenye karatasi hadi kwenye vinywa vya watu, na lilipofika nyumbani lilikuwa limeshadondoka njiani. Tukawa na limfoma.

Kinyama, yaani kupasua na kukata kipande cha uvimbe, kina gharama zaidi, kina ganzi na mshono, na katika joto la Tanga kidonda kinataka uangalizi. Lakini ndicho kinachoupa ugonjwa huu jina lake. Kati ya hivi viwili ipo sindano nene, inayotoa uzi wa nyama wenye umbo lake. Uvimbe ukiwa tumboni au kifuani, mahali ambapo kupasua ni kazi kubwa, sindano nene ikiongozwa na utrasaundi ni chaguo zuri.

Ningepewa kuchagua tena, mpangilio wangu ungekuwa huu. Uvimbe unaofikika kwa mkono, kinyama moja kwa moja. Uliojificha ndani, sindano nene. Sindano nyembamba iwe ya kufungulia mlango tu, na jibu lake lisianzishiwe dripu ya saratani.

Kabla ya yote hayo kuna kipimo cha bei ya chini kuliko vyote ambacho watu hukiruka: picha kamili ya damu pamoja na kioo cha damu kinachosomwa na mtu kwa darubini. Bombo, hospitali ya mkoa pale Tanga, wanafanya, na hospitali nyingi za wilaya zinafanya. Kikionyesha seli changa nyingi umeshajua unashughulika na nini. Pia kinakuambia kama chembe sahani zinatosha, maana kumpasua mtu ambaye damu yake haigandi ni kutafuta balaa. Ila kikiwa safi kisikulaze usingizi. Damu ya mjomba ilikuwa nzuri kabisa.

Jambo jingine ambalo nililijua kwa kuchelewa ni kikopo. Nyama inatakiwa iingie kwenye fomalini ya asilimia 10 papo hapo, na fomalini hiyo iwe kiasi cha mara kumi ya nyama. Isiwekwe kwenye spiriti, wala isifungwe kwenye shashi ikingoja mtu atumwe dukani. Kipande kinachokwenda kwenye mashine ya kuchambua seli kwa mwanga, kama ipo, hubaki kibichi bila fomalini, na hilo lazima lipangwe kabla kisu hakijashikwa. Muulize daktari wa upasuaji. Hatakasirika, na akikasirika umeshajifunza jambo.

Rangi mbili peke yake, au pamoja na alama

Kinyama cha mjomba kilisomwa kwenye maabara moja ambayo sitaitaja, kwa ile rangi ya kawaida ya pinki na zambarau. Jibu: limfoma. Sasa hapakuwa na huenda.

Siwalaumu sana. Chini ya darubini, kwa rangi hizo mbili, seli changa za mieloidi na seli za limfoma hufanana kama mapacha waliovishwa kanzu za kitambaa kimoja. Tafiti za nchi zenye maabara kubwa kuliko zetu zimekuta zaidi ya robo ya wagonjwa wa kloroma walianza kwa jina lisilo lao, na nyingine zimekuta karibu nusu. Jina walilopewa wengi wao ni hilohilo, limfoma. Hapa Afrika Mashariki mtego ni mkubwa zaidi, kwa sababu uvimbe wa namna hii una majirani wengi: kifua kikuu cha tezi, sakoma ya Kaposi, na limfoma ya Burkitt, iliyopewa jina la Denis Burkitt aliyeieleza akiwa Uganda mwaka 1958. Daktari anayeona magonjwa hayo kila wiki atayafikiria hayo kwanza, na mara nyingi atakuwa sahihi.

Kinachotenganisha ni kipimo cha alama. Nyama ileile iliyo kwenye nta hukatwa utandu mwembamba na kumwagiwa kingamwili zinazong'ang'ania protini fulani tu za seli. Kinachukua siku zaidi, hakipo kila mahali, na kwa kawaida kila alama hulipiwa peke yake. Ndiyo maana inafaa kujua zipi za lazima. Kwa upande wa mieloidi, alama zinazofaa ni mieloperoksidesi, CD117, CD34, CD43, na CD68 au lisozimu. Kwa upande wa limfoma, CD3 na CD20.

CD43 nitaisemea kidogo, kwa kuwa ndiyo iliyomwokoa mjomba na ndiyo inayoweza kumwangusha mwingine. Hujitokeza karibu katika kila kloroma, lakini hujitokeza pia kwenye limfoma za seli T, aina moja ya seli nyeupe za damu. Maabara ikiipima bila mieloperoksidesi, mtu anaweza kuandikiwa limfoma ya seli T kwa nia njema kabisa. Alama iliyo wazi ni hii: CD43 ipo, CD3 haipo, CD20 haipo. Mpatholojia akiona hivyo anatakiwa asimame na kutafuta upande wa mieloidi.

Kwa hiyo vibloki vilivyokuwa kwenye kikapu changu pale Segera ndivyo vilivyokuwa mali yetu. Watu wengi hawajui kwamba wanaweza kuviomba kutoka maabara ya kwanza na kuvipeleka kusomwa upya pengine bila mgonjwa kukatwa tena. Omba na vioo, omba na karatasi ya jibu la kwanza. Halafu usiviweke kwenye dashibodi ya basi juani. Ni nta.

Limfoma na kloroma ukiziweka meza moja

Mtu anaweza kuuliza, kama zote ni saratani na zote zinatibiwa kwa dripu, jina lina kazi gani? Mjomba aliuliza hivyohivyo, tena kwa hasira.

Limfoma nyingi za watu wazima hupewa mchanganyiko wa dawa nne, unaojulikana wodini kwa herufi zake, CHOP. Mgonjwa anakwenda asubuhi, anatundikiwa dripu, jioni anarudi kwao na vidonge vya siku tano, na anarudi tena baada ya siku 21. Fundi baiskeli anaweza kuendelea na kazi katikati ya mizunguko.

Kloroma inatibiwa kama saratani kali ya damu yenyewe, hata uloto ukionekana msafi. Shirika la Afya Duniani linaihesabu hivyo katika mpangilio wake wa magonjwa. Tiba ya kawaida ni saitarabini inayodondoka usiku na mchana kwa siku 7, pamoja na daunorubisini kwa siku 3 za mwanzo. Halafu damu inashuka karibu kufikia sakafuni, na mgonjwa analazwa takriban mwezi mzima akisubiri ipande tena. Hapo ndipo zinapohitajika chupa za damu, chembe sahani, antibayotiki za mshipa na chumba kisicho na msongamano wa wageni. Wageni ni mtihani kwa watu wa Pwani. Kwetu mgonjwa asipotembelewa ni aibu ya ukoo, na wodi ile inataka asitembelewe. Tulimweka binamu yangu mlangoni, akawa anapokea salamu na matunda, na wapo mpaka leo wasiosema naye.

Mtu wa kloroma akipewa tiba ya limfoma, uvimbe unaweza kunywea kidogo kwa sababu dawa mojawapo ni ndugu wa daunorubisini. Hilo ndilo baya lake. Mnafurahi, mnachinja kuku, na seli kwenye uloto zinaendelea na shughuli zake.

Kukata, mionzi, au dripu

Hapa ndipo ukoo ulipogawanyika. Upande wa shangazi ulitaka uvimbe ukatwe wote, ukitoka umetoka. Shemeji yetu mmoja aliyewahi kuuguza mke wake Ocean Road, hospitali ya saratani ya Dar, alitaka mionzi, kwa kuwa aliiona ikifanya kazi. Na mjomba alipochukuliwa kipimo cha uloto kwenye mfupa wa nyonga, jibu likaja kwamba seli changa hazikufika hata asilimia 5, yaani kawaida. Hoja ya shangazi ikapata nguvu: uloto mzima, damu nzima, dripu kali ya nini?

Nilipoanza kusoma nilikuwa upande wake kimoyomoyo. Nilichokikuta ni kwamba wagonjwa wenye kloroma ya peke yake waliokatwa tu, au waliochomwa mionzi tu, wengi wao waliingia kwenye saratani kamili ya damu ndani ya mwaka mmoja hivi, mara nyingi chini ya hapo. Waliopewa dripu ya mwili mzima mapema walikaa muda mrefu zaidi bila kufika huko, na baadhi hawakufika kabisa. Uvimbe wa begani ni moshi unaofuka dirishani. Kuziba dirisha hakuzimi jiko.

Kisu kina faida ya haraka na kina nafasi yake: kutoa kinyama, kufungua utumbo ulioziba, kuondoa kinachokandamiza. Lakini kupasua uvimbe mzima kwa upana kwa nia ya kuponya kunamchelewesha mgonjwa wiki kadhaa akingoja mshono upone, na wiki hizo ni za dripu. Mjomba alikatwa kipande tu, kilichobaki kikaachiwa dawa.

Mionzi inalainisha kloroma vizuri. Seli hizi hazina ubishi mbele yake, na dozi inayotumika mara nyingi ni karibu grei 24 zinazogawanywa kwa vikao 12. Hakuna maumivu wakati wa kupigwa. Ni chaguo la kwanza panapokuwa na dharura: miguu inalegea kwa sababu uvimbe unabana uti wa mgongo, mkojo umegoma, jicho linapoteza nuru, koo linabanwa. Hapo usingoje mjadala wa ukoo. Inafaa pia baada ya dripu, kama kuna bonge lililobaki, au kwa mtu ambaye mwili wake hauwezi dawa kali. Ila mionzi inatibu pale ilipoelekezwa tu.

Kwa mtoto mizani inaegemea upande mmoja zaidi. Kloroma ya watoto hupenda tundu la jicho, na mwaka 1965 madaktari wa Uganda walishachapisha habari za watoto wa namna hiyo. Jicho linatokeza, mzazi anaogopa, na anayeliona anaweza kudhani ni saratani nyingine ya jicho inayotaka upasuaji mkubwa. Mtoto wa namna hiyo apimwe picha kamili ya damu na kioo chake siku hiyohiyo, kabla mtu hajataja kuling'oa jicho. Ikiwa ni kloroma, dripu yenyewe hulirudisha jicho ndani. Hospitali ya Muhimbili, Dar, ina wodi ya saratani za watoto inayosaidiwa na shirika la hisani la Tumaini la Maisha, na matibabu yake hayatozwi. Mzazi wa Tanga au Bagamoyo asikae nyumbani akihesabu ng'ombe.

Dar au Moshi

Narudi Segera. Kutoka Tanga mjini, Dar na Moshi ziko mbali karibu sawa, kilomita 350 hivi kila moja, kwa hiyo barabara haikuamulii. Kwa mtu wa Bagamoyo hakuna mjadala: Dar iko kilomita 70 tu, asubuhi unakwenda, jioni unarudi.

Dar ina Muhimbili na ina Ocean Road ndani ya mji mmoja, kwa hiyo dripu, maabara kubwa na mionzi havihitaji safari nyingine ya basi. Moshi ina hospitali ya KCMC yenye kituo chake cha saratani, mji ni mdogo, nauli za ndani hazikuchoshi, na mgonjwa aliyedhoofu hushukuru ubaridi wake. Dar ina joto na foleni. Mtu wa kuhudhuria kliniki tu, asiyelazwa, ningemwambia aifikirie sana Moshi.

Lakini mwezi wa kulazwa unabadilisha hesabu. Maswali tuliyoyapiga kwa simu kila upande yalikuwa manne: kipimo cha mieloperoksidesi kipo wiki hii au dawa zake zimekwisha? Saitarabini ipo stoo ya kutosha siku 7 mfululizo? Chembe sahani zinapatikanaje? Bima inalipa dawa ipi na ipi tunanunua? Majibu ya maswali hayo hubadilika mwezi kwa mwezi, ndiyo maana sikuandikii nani alijibu nini. Piga mwenyewe. Pia hakikisha barua ya rufaa imetoka ngazi inayotakiwa na bima, vinginevyo utarudishwa Tanga kuifuata, na safari hiyo nimeshaifanya mara moja katika maisha yangu, inatosha.

Kilichoamua mwishowe hakikuwa hospitali. Temeke, pale Dar, tuna dada zangu wawili na vijana saba wa kutoa damu. Moshi hatuna mtu. Mgonjwa wa dripu hii anahitaji uji wa moto saa kumi na mbili asubuhi, nguo zilizofuliwa kila siku, maji yaliyochemshwa, na watu wa kuchangia damu bila kubembelezwa. Mjomba alipomaliza chungwa lake akafuta mikono, akasema, "Twende kwa dada zako. Huko Uchagani nani atanipikia?" Tukavuka barabara kungoja basi la Dar.

Dozi kamili na dozi ya polepole

Uamuzi huu ni wa daktari na mgonjwa, na umri peke yake hausemi kila kitu. Mjomba alikuwa na miaka 54, hana kisukari, presha yake inakubali vidonge. Kabla ya daunorubisini alipimwa moyo kwa eko, maana dawa hiyo huweza kuudhoofisha. Angekuwa na miaka 75 na moyo mchovu, daktari alituambia wangezungumzia njia ya upole: saitarabini kidogo chini ya ngozi, au azasitidini, pengine pamoja na venetoklaksi ikiwa inapatikana na inalipika. Njia ya upole inamwacha mtu nyumbani kwake siku nyingi zaidi, akila na wajukuu. Kwa kawaida haiondoi ugonjwa kwa muda mrefu kama ile kali inavyoweza kuuondoa. Mzee akichagua nyumbani, sioni kama amekata tamaa. Kijana akichagua nyumbani kwa kuogopa mwezi wa wodini, ningekaa naye usiku mzima nikimbishia.

Kuna pia uchunguzi wa vinasaba vya seli za uvimbe, unaosaidia kujua kama mgonjwa yuko kundi linalojibu vizuri dripu, au kundi ambalo daktari atapendekeza kupandikizwa uloto baada ya ugonjwa kutulia. Hospitali za Muhimbili na Benjamin Mkapa ya Dodoma zimeshaanza kazi ya upandikizaji. Kwa ugonjwa wa mjomba hata hivyo ndugu wa damu anayefanana naye anatafutwa kwanza, na mazungumzo hayo yanataka familia nzima mezani, bila shemeji.

Siku ya pili ya dripu aliniita chooni kwa sauti ya kutisha. Mkojo mwekundu. Niliona nimeshamuua. Muuguzi akacheka: "Mzee, hiyo ni rangi ya dawa, siyo damu. Kesho kutwa itakwisha." Nywele zilidondoka wiki ya tatu, akazikusanya kwenye gazeti akitaka zizikwe Tanga. Siku ya 16 alipata homa, akatundikiwa antibayotiki usiku uleule, na vijana wa Temeke wakapanga foleni ya kutoa damu. Bega lilikuwa limenywea kabla hata hajatoka wodini. Baadaye alirudi kwa mizunguko mitatu ya saitarabini ya dozi kubwa, na kila mzunguko ulikuwa na vituko vyake.

Sasa picha kamili ya damu anaifanyia Bombo kila mwezi na majibu anayatuma Dar kwa simu, kwa hiyo Segera tunaipita mara moja tu kwa miezi mitatu. Kila asubuhi kabla ya kufungua banda la baiskeli anajipapasa bega, na tezi za shingo, na kwapa, kama alivyofundishwa. Kibloki kimoja cha nta kilibaki maabara. Cha pili tulirudishiwa. Daktari alisema kitunzwe, kwa sababu ugonjwa ukirudi watataka kulinganisha nyama mpya na ya zamani. Kipo kabatini kwangu ndani ya bati la majani ya chai, mbali na dirisha.